Mama Kayai na Kazi ya Kutocheka

Muulize Mkenya aliyekulia mbele ya televisheni ya KBC ni nani aliyekuwa akimvunja mbavu katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, naye atakutajia Ojwang kabla hujamaliza swali. Hajakosea. Benson Wanjau, ambaye jina lake la mchezoni lilikuwa Ojwang Sibuor Hatari, alipofariki Julai 12, 2015, waliomlilia walitoka kila pembe ya nchi na kila kabila. Lakini jibu hilo limetazama nusu ya picha. Katika nusu ya pili alikaa Mary Khavere, yaani Mama Kayai, aliyekuwa mke wake katika mchezo kwa miongo mitatu hivi, na ninachodai hapa ni kwamba, tukipima ufundi badala ya kelele za vicheko, yeye ndiye aliyekuwa ameushika mchezo. Twangeni nafaka mjionee: mchi ndio unaosikika mtaa mzima, lakini kinu kikiyumba, mahindi yote yako chini. Ojwang alileta kichekesho mlangoni. Kama kitaingia ndani au kitafia kizingitini, hilo liliamuliwa na uso wa mwanamke aliyekuwa ameketi pale akiendelea na shughuli zake.

Tuangalie jinsi tukio la kawaida la michezo ya namna hii linavyojengwa. Mzee anaingia akiwa na jambo kubwa: mpango wa kupata pesa, uongo wa kufunika uongo wa jana, au tambo ambayo kila mtu anajua haina mguu wala mkono. Anaieleza kwa kujiamini. Mchezaji wa kawaida akipewa nafasi ya mke, atafanya mojawapo ya mambo mawili: atafoka papo hapo, au atamkonyeza mtazamaji ili kumwonyesha kwamba naye ameuona upuuzi. Yote mawili yanaua mchezo. Akifoka mapema, mzee hana tena pa kuendelea na uongo wake; akikonyeza, ametuambia tucheke kabla hatujawa tayari. Mama Kayai alichagua njia ya tatu, iliyo ngumu zaidi, nayo ni kusikiliza. Alimwacha mzee atembee hadi mwisho wa kamba yake, akamwangalia, akakaa kimya kwa kitambo ambacho mtu mwenye haraka angekiona kirefu mno, kisha akauliza swali dogo la matumizi ya nyumbani. Swali halikuwa na utani wowote. Lilikuwa swali ambalo mke yeyote angeuliza. Na kwa kuwa halikuwa na utani, mlima mzima wa maneno uliojengwa na mzee uliporomoka juu ya mzee mwenyewe, na mtazamaji akacheka akidhani amechekeshwa na Ojwang.

Kile kitambo cha kimya ndicho nataka tukitazame kwa makini. Mchezaji mchanga hukiogopa kimya kwa sababu anadhani mtazamaji atafikiri amesahau maneno. Mama Kayai alikitumia kama nafasi ya mtazamaji kufanya hesabu. Ojwang amesema jambo. Mtazamaji anahitaji muda mfupi wa kulilinganisha na alichosema dakika tano zilizopita na kugundua kwamba haviendani. Mke akijibu kabla ya hesabu hiyo kukamilika, mtazamaji anaachwa nyuma na kicheko kinapotea. Akichelewa sana, hesabu imeisha na raha imepoa. Hakuna kipimo cha saa kwa jambo hili. Linabadilika kwa kila sentensi, kwa sababu kila uongo una uzito wake. Anayelimudu kila wiki, mwaka baada ya mwaka, anafanya kazi ya usikivu ambayo haionekani, na ndiyo maana haisifiwi.

Kuna ushahidi mmoja wa ufundi huo ambao Wakenya wenyewe waliutoa bila kukusudia. Watu wengi waliamini kwamba wawili hao ni mume na mke wa kweli. Hawakuwa. Wanjau alikuwa na mke wake nyumbani, na Khavere alikuwa na maisha yake. Lakini dhana hiyo ilikuwa imeota mizizi kiasi kwamba Ojwang alipofariki, kuna waliompa pole Mama Kayai kama mjane. Tunaweza kulicheka jambo hilo kama ushamba wa watazamaji, ila mimi naliona kama matokeo ya kazi. Ndoa ya kuigiza haiaminiki kwa sababu ya maneno ya mapenzi. Vitimbi haikuwa na maneno mengi ya aina hiyo. Inaaminika kwa sababu ya uchovu. Mama Kayai alimwitikia Ojwang kama mtu ambaye amekwisha kuzisikia hadithi hizi mara mia, anajua zitaishia wapi, na bado hajaondoka. Uchovu wenye subira ni mgumu kuuigiza kuliko hasira, kwa kuwa hasira ina sauti na mikono, lakini uchovu una mabega tu na macho.

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Uingereza, nchi yenye mila ndefu ya waigizaji wa kike wa vichekesho, ina mfano unaofanana nalo kabisa. Tamthilia ya Fawlty Towers ilikuwa na vipindi 12 tu, vilivyorushwa mwaka 1975 na 1979, ikimhusu mwenye hoteli mwenye kichaa cha hasira, Basil, aliyechezwa na John Cleese, na mke wake Sybil, aliyechezwa na Prunella Scales. Cleese aliiandika pamoja na Connie Booth. Scales alipopewa maandishi, jambo la kwanza alilotaka kujua ni kwa nini watu hawa wawili walioana, na inasemekana Cleese alikiri kwamba hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. Basi akajitafutia jibu mwenyewe: Sybil alitoka familia ya chini iliyozoea biashara ya baa na vyakula, akavutiwa na mwanamume aliyeonekana kuwa wa tabaka la juu, na akagundua ukweli baada ya kuchelewa. Hakuna kipindi kinachomweleza mtazamaji habari hizo. Lakini tangu hapo kila mtazamo anaomtupia mumewe una historia nyuma yake. Scales hakuongeza mzaha hata mmoja, aliongeza sababu. Naye Patricia Routledge, aliyemcheza Hyacinth katika Keeping Up Appearances kuanzia 1990 hadi 1995, alimfanya mama huyo mwenye makuu aimbe vibaya mpaka jirani akimbie, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji aliyefunzwa na aliyeshinda tuzo ya Tony huko Marekani mwaka 1968 kwa mchezo wa muziki. Kuharibu wimbo mahali hasa panapochekesha kunahitaji mtu anayejua mahali sahihi palipo.

Hapa najua kuna atakayesema: huyo unayemsifu ni msindikizaji tu. Ojwang angepewa mke mwingine yeyote, bado angechekesha. Alikuwa na sauti, mwendo, kofia, na ile lafudhi. Hoja hii ina uzito na sitaipita kando. Ni kweli Wanjau alikuwa na kipaji ambacho kingejitosheleza jukwaani peke yake kwa dakika kumi. Lakini Vitimbi haikuwa ya dakika kumi. Ilikuwa kipindi cha kila wiki, na mhusika kama Ojwang, mwenye tabia iliyokuzwa kupita kiasi, ana kasoro moja kubwa: anachosha haraka. Mtu anayetia chumvi kila neno hana mahali pa kupanda tena. Kinachomfanya aweze kurudi wiki ijayo ni kuwepo kwa mtu mwingine ambaye hajatia chumvi, ambaye anatukumbusha ukubwa wa kawaida wa mambo. Wanjau mwenyewe alijenga Ojwang kwa vitu vya nje: alizipaka nywele weupe ili aonekane mzee kuliko alivyokuwa. Mama Kayai hakuwa na kinyago cha namna hiyo. Kitambaa chake cha kichwani na nguo yake vilikuwa vile ambavyo mama yeyote wa sokoni angevaa siku hiyo hiyo. Ukiwatazama pamoja katika picha moja, jicho linapima kituko cha mmoja kwa kawaida ya mwingine. Ondoa kawaida hiyo, na kituko hakina tena kipimo.

Picha moja: hilo nalo ni la kiufundi. Michezo ya studio ya enzi hiyo ilichezwa kwa mtindo wa karibu na jukwaa, wachezaji wakionekana pamoja kwa muda mrefu bila kamera kukimbilia uso wa huyu na kisha wa yule. Kwenye sinema za leo mhariri anaweza kumsaidia mchezaji dhaifu kwa kukata picha na kuonyesha uso unaoitikia kwa sekunde anazotaka yeye. Katika mtindo ule hakukuwa na msaada huo. Anayesikiliza anaonekana wakati wote, na akilegea kidogo, akatazama pembeni au akasubiri zamu yake kwa macho matupu, mtazamaji anaona kwamba kumbe ni mchezo. Mchekeshaji anayesema anaweza kujificha nyuma ya maneno. Anayesikiliza hana pa kujificha.

Suala la lafudhi ni nyeti zaidi, na kwa msomaji wa Mahagi, huku kaskazini-mashariki mwa Congo, lina ladha yake. Waalur wa upande huu wa Ituri ni ndugu wa lugha wa Wajaluo wa Kenya. Wote wako katika familia ya Kiluo pamoja na Waacholi wa Uganda. Ojwang alikuwa Mjaluo wa kuigizwa, na aliyemwigiza alikuwa Mkikuyu. Kiswahili chake kilijengwa juu ya kasoro zinazojulikana: Kijaluo hakina sauti ya sh wala ya z, basi shauri likawa sauri na meza ikawa mesa. Mtu wa Mahagi akisikiliza, ana haki ya kuuliza ni nani anayechekwa. Na si Ojwang tu. Michezo ya KBC ya enzi hiyo ilijaa wahusika ambao jina lilitangaza kabila kabla mdomo haujafunguka, kama Masanduku arap Simiti na Ondieki Nyuka Kwota. Ukisema kwamba utani wa namna hiyo ungeweza kuwa wa dharau, sitakupinga. Mara nyingine ulikuwa. Lakini tazama mwanamke anafanya nini na lugha. Mama Kayai alizungumza Kiswahili cha mama wa magharibi mwa Kenya, akakiacha hapo. Hakushindana na mumewe katika kukikunja. Matokeo yake ni kwamba lafudhi peke yake haikuwa kichekesho ndani ya nyumba ile. Wote wawili wana lafudhi ya kwao, lakini mmoja ni mpumbavu na mwingine ana akili timamu, kwa hiyo upumbavu ukawa wa mtu, haukuwa wa kabila. Sidai kwamba jambo hilo lilipangwa na mwandishi wa kipindi. Nadai kwamba uchezaji wake ulileta tofauti hiyo, na kwamba bila yeye Ojwang angebaki Mjaluo wa vichekesho vya baa.

Pingamizi jingine linatoka kwa watu wa shule: michezo hii haikuandikwa neno kwa neno, wachezaji walipewa kisa na kujazia maneno wenyewe, basi ufundi uko wapi, si ni watu wenye midomo mepesi tu? Congo ina jibu zuri kwa hili, na liko Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo, lililocheza kwa Kiswahili cha Katanga redioni na kwenye televisheni, halikufanya kazi kwa maandishi. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na badala ya kumjibu kwa maelezo, wakamtengenezea mchezo. Alirekodi majadiliano yao, mazoezi yao na mchezo wenyewe, kisha mwaka 1990 akachapisha kitabu kizima juu ya jinsi walivyofanya. Kinachoonekana humo ni kwamba kutokuwa na maandishi si kutokuwa na mpango. Kisa kinajadiliwa, kinagawanywa katika matukio, kinarudiwa. Maneno yanabadilika kutoka zoezi moja hadi jingine lakini mifupa inabaki. Katika kazi ya namna hiyo, aliye na mzigo mkubwa si yule mwenye tambo nyingi. Mwenye tambo anaweza kupotea njia kwa utamu wa maneno yake mwenyewe. Mzigo ni wa yule anayekumbuka tukio linatakiwa kufika wapi na anayelirudisha barabarani bila mtazamaji kujua kwamba limerudishwa. Swali la Mama Kayai, lile dogo la matumizi ya nyumbani, lilifanya kazi hiyo pia: lilichekesha, na papo hapo likamrejesha mzee kwenye kisa.

Lipo pingamizi la mwisho ambalo ni la haki kuliko yote. Mke mwenye kulalamika ni picha kongwe ya kumdharau mwanamke. Vichekesho vya dunia nzima vimejaa wake wenye ndimi kali ambao kazi yao ni kumharibia mwanamume raha. Je, Mama Kayai si mmoja wao? Kwa sura ya nje, ndiye. Nafasi aliyopewa ilikuwa nyembamba, na mwandishi anayemtetea hana sababu ya kuuficha wembamba wake. Tofauti iko katika nani anayejua. Katika picha kongwe, mke ndiye asiyejua kitu: anamzuia mume mwenye ndoto kwa sababu akili yake ni finyu. Katika Vitimbi mambo yalipinduliwa. Mke alijua, mtazamaji alijua, na aliyekuwa gizani ni mzee. Mtazamaji akajikuta amekaa upande wa Mama Kayai bila kuambiwa akae huko. Kwenye televisheni ya serikali ya miaka ya 1980, ambamo mwenye nyumba, chifu na mkubwa wa kazi walionyeshwa kama watu wa kuheshimiwa, haikuwa jambo dogo kila wiki kumwona mwanamume mwenye mamlaka ya nyumba akichunguzwa na mtu aliyeshika mwiko, na kupatikana mtupu. Hakukuwa na hotuba. Pengine ndiyo maana ilipita.

Kutokuwepo kwa hotuba ndiko kunakonirudisha Ituri. Huku mchezo wa kuigiza umekuwa chombo cha kazi. Tangu Radio Candip ilipozaliwa ndani ya chuo cha ualimu cha ISP Bunia kwa ajili ya kuelimisha, hadi michezo mifupi ya amani baada ya vita, hadi ile ya kinga wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, tumezoea kusikia wahusika waliotumwa kutufundisha. Ukisikiliza jinsi kazi inavyogawanywa, mwanamume hupewa kosa: yeye ndiye mlevi, mwenye uvumi, anayekataa chanjo, anayemchukia jirani. Mwanamke hupewa somo. Anamgeukia mwenzake na kulitamka lote, sentensi baada ya sentensi, kama bango lililopata sauti. Wenye mradi wanafurahi kwa sababu ujumbe umetoka. Lakini ujumbe umetoka kinywani mwa mtu ambaye sekunde hiyo ameacha kuwa mke, jirani au muuza samaki wa Mahagi-Port, na msikilizaji amelitambua hilo. Mchezo umesimama ili tangazo lipite.

Mbinu ya Mama Kayai ingeligeuza jambo hilo kwa gharama ndogo. Mnyime mwanamke somo, mpe swali. Mzee anayesema kwamba ugonjwa ni uongo wa watu wa mashirika aachwe aseme yote, aongeze, ajisifu kwa kujua. Kisha mke aulize nani basi atakayeiosha maiti ya jirani yao aliyefariki jana. Hakuna aliyefundishwa kitu, na hakuna aliyebaki na pa kutokea. Nafahamu ubishi utakaokuja: hiyo ilikuwa televisheni, sisi ni redio, na uso usiocheka hauonekani kwenye redio. Ni kweli, na kimya kitupu redioni huonekana kama hitilafu ya mtambo. Hapo ufundi hauna budi kuhamia sikioni. Kimya cha redio lazima kiwe na kitu ndani yake: mwiko unaozunguka sufuriani kisha ukaacha kuzunguka, mfuniko unaowekwa taratibu, pumzi inayoshuka puani, msonyo mfupi uliokatizwa katikati kwa sababu ya heshima. Msikilizaji anayejua nyumba za kwetu ataona uso mzima kwa sauti hizo. Lakini zinahitaji mwigizaji wa kike awekwe karibu na maikrofoni wakati mwanamume anasema, na katika studio zenye maikrofoni moja desturi ni kinyume chake: anayesema husogea, anayesikiliza hurudi nyuma kusubiri zamu yake.